Jibu: Familia kwenye hadithi yangu inakwama kwenye theluji kabla ya Oregon

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: familia yako inaondoka Independence, Missouri, Agosti 1850 kwenda Oregon, magharibi mwa Marekani, kwa gari la turubai linalovutwa na farasi, na kila ukipiga hesabu theluji inawakuta milimani.

Angalia kwanza mwezi wa kuondoka. Safari ilikuwa kama kilomita 3,200, miezi minne hadi sita. Watu walitoka Aprili au Mei, nyasi zikishaota za kutosha kulisha wanyama, na walilenga kufika Independence Rock, jabali kubwa la njiani katika Wyoming ya leo, ifikapo 4 Julai.

Kisha toa farasi, weka maksai. Walikwenda polepole, kama kilomita 24 kwa siku, lakini bei yao ilikuwa nafuu na waliishi kwa nyasi za njiani. Na tafadhali washushe watu garini! Gari halikuwa na springi na lilijaa unga, nyama ya chumvi na vifaa. Wengi walitembea kwa miguu, watoto pia.

Nikifundisha mada hii, wanafunzi hunasa zaidi kwenye magurudumu. Hewa kavu ilisinyaza mbao, pete ya chuma ikalegea. Wasafiri walipigilia kabari, au walilaza gurudumu mtoni usiku kucha mbao zivimbe. Hapo una tukio zima la kuandika.

Ukihitaji kifo, tumia kipindupindu kandokando ya mto Platte. Kiliua wengi mno kuliko mapigano na wenyeji. Ukishabadilisha tarehe, weka ratiba mpya hapa niipitie.