Baiskeli ya Kukodi Mjini Malindi

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Nimehamia Shella, Malindi, kwa kazi ya miezi michache huko Casuarina, na nauli ya tuktuk inanilemea. Nafikiria kukodi baiskeli, na Jumapili niende nayo hadi Gede, lakini nahofia msongamano, isitoshe navaa buibui. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Ukifika kwa mwenye baiskeli usianze na bei, anza na breki. Ibane ya mbele kwa nguvu, kisha isukume baiskeli. Gurudumu likizunguka, achana nayo. Halafu fungua mkono utazame kama breki inaachia yenyewe, kwa kuwa hewa ya chumvi ya hapa pwani hupenya ndani ya ganda la waya, na waya ulioshika kutu hukwama siku unapouhitaji. Akidai rehani, mwachie nakala ya kitambulisho, si kitambulisho chenyewe, na mikwaruzo yote uipige picha akiwapo.

Barabarani shika kushoto, lakini usijibane ukingoni kama wafanyavyo wengi, maana huko ndiko kwenye mchanga na lami iliyomeguka. Pita kama hatua moja kutoka ukingoni, tena kwa mstari ulionyooka, ili aliye nyuma ajue utakapokuwa. Wa kuchungwa zaidi ni mwenye tuktuk: akiona mtu anapunga mkono husimama papo hapo bila ishara yoyote, kwa hiyo usimfuate kwa karibu, wala usimpite kwa kushoto, ambako abiria huenda anashuka. Kengele usiitegemee penye bodaboda nyingi. Geuza shingo utazame, kisha onyesha kwa mkono unakoelekea.

Buibui si kizuizi. Chagua baiskeli ya kike, isiyo na chuma cha juu, na yenye bati la kufunika mnyororo. Vaa suruali ndani, pindo ulikusanye ulifunge, hasa upande wa kulia uliko mnyororo, na ncha za mtandio uzichomeke. Kofia ngumu huvaliwa juu ya mtandio mwepesi bila taabu. Ila nguo nyeusi haionekani giza likiingia, na hapa magharibi huingia upesi, basi ukichelewa kutoka kazini uwe na taa ya nyuma na kizibao cha kuakisi mwanga.

Ama Gede, iliyo umbali wa kilomita 16 hivi, njia yake ni barabara kuu ya Mombasa, yenye malori na matatu ziendazo kasi. Huko panda matatu, baiskeli uiache Shella.