Seva moja, huduma nne, na harusi ya watu

Juzi kijana mmoja wa Malindi kaniandikia: "Kaka, nina kompyuta moja kuukuu, nataka kuhifadhi mafaili ya wateja. Niwashe kila huduma peke yake, au zote ndani ya mchakato mmoja, yaani programu moja ikiwa kazini?" Nilicheka, kisha moyo ukanibana. Swali hilo limenipotezea mteja.

Mimi niko Langoni, Lamu. Nilianza na kompyuta ya mitumba yenye RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4, nikaweka SeaweedFS, programu ya kuhifadhi mafaili. Walioitumia wanajua utamu wake: ukiandika weed server -filer -s3, mchakato mmoja unabeba huduma nne, kila moja na poti (mlango) yake: masta, msimamizi wa wote, 9333; volumu, mtunza mafaili yenyewe, 8080; faila, mpanga majina na folda, 8888; na lango la S3, mlango wa programu za nje, 8333. Amri moja, logi moja. Wenzangu wanahangaika na huduma nne nne, mimi nakunywa kahawa barazani. Nilijiona fundi, na sitawaficha, bado najiona.

Wateja walikuwa watatu: mpiga picha za harusi, nyumba ya wageni ya Shela, na mzee mmoja mwenye afisi ya hati za mashamba.

Basi ikaja harusi. Mpiga picha akapakia kazi yake, akatupa kiungo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ukoo wa Kiamu mnaujua: nusu uko hapa, nusu Mombasa, waliobaki wako Uarabuni, na wote hawalali. Picha moja ya kamera ile ina pikseli milioni 24. Kwenye diski ni MB 8 tu, lakini ikikunjuliwa ndani ya RAM ili ipunguzwe itoshe simu, yaweza kufika MB 72. Hamsini zikifunguliwa kwa mpigo ni GB 3.6. Na kazi hiyo ya kupunguza nilikuwa nimemwachia volumu, humo humo ndani. Kerneli ya Linux, kiini cha mfumo wa kompyuta, ikiishiwa RAM haiulizi ni huduma ipi iliyokosa. Hutafuta mchakato ulionenepa, ikauchinja. Wangu ulikuwa mmoja.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Mimi nahodha alikuwa mmoja, akaanguka baharini na usukani mkononi.

Systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, ikauwasha tena, ukoo ukafungua picha tena, ukachinjwa tena. Hivyo hivyo mpaka adhana ya alfajiri. Saa mbili asubuhi mzee akapiga simu: "Mwanangu, hati zangu zina nini na harusi ya watu?" Sikuwa na jibu. Alihamia kwa fundi mwingine, na tukikutana Usita wa Mui hunijibu salamu nusu. Hilo laniuma kuliko pesa.

Sasa nisikilizeni, maana vijana mnapenda njia ya mkato. Mchakato mmoja si kosa. Kosa langu halikuwa kuziweka huduma nne pamoja. Hata ningezitenganisha, volumu angekufa vilevile, na bila volumu faila hana faili la kumpa mtu. Usigawe kwa majina ya huduma. Gawa kwa ulaji! Mlafi mtoe nje. Kazi ya kupunguza picha nimeipa programu yake ndogo, picha inapunguzwa mara moja inapopakiwa, na kwenye systemd programu hiyo nimeibana kwa MemoryMax, kikomo cha RAM, ya GB 1. Ikivimba inakufa peke yake. Kikomo hicho hubana mchakato mzima, kwa hiyo wakiwa chumba kimoja huwezi kumbana mmoja ukamwacha mwenzake. Narudia, mlafi mtoe nje.

Zile tatu na volumu ziko pamoja hadi leo, na kahawa nakunywa.

Kijana wa Malindi, nitumie kwanza RAM yako ni GB ngapi na hao wateja wako wanahifadhi nini. Kama kuna mzee wa hati miongoni mwao, mpe mchakato wake mwenyewe kabla hujampakilia hata faili moja.