Anayeuguza Hajakosa Ibada, Ila Kanisa Lina Deni Kwake

Swali la juma hili liliuliza hivi: Mkristo anayeshindwa kwenda kanisani Jumapili baada ya Jumapili kwa sababu anamuuguza ndugu yake, je, amekosa ibada? Jibu langu ni kwamba hajakosa. Hata hivyo naomba nafasi ya kulieleza kwa kirefu, kwa kuwa nimewasikia waumini wengi wakitoa jibu hilohilo kwa haraka, kwa nia njema ya kumfariji mwenzao, kisha wakaondoka na kumwacha peke yake na mgonjwa wake. Anayeuguza anaabudu kweli, lakini kanisa lake linabaki na deni ambalo maneno ya faraja hayalilipi.

Wanaomlaumu mtu wa namna hiyo hupenda kutaja Waebrania 10:25, tunapoonywa tusiache kukusanyika pamoja. Onyo hilo ni zito na silipunguzi hata kidogo. Hata hivyo aya inayolitangulia inatutaka tuangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri, na sioni jinsi mtu anavyoweza kumhukumu jirani yake kwa aya ya 25 kabla hajajiuliza ameifanyia nini ile ya 24.

Andiko linaloligusa jambo hili kwa karibu zaidi, kwa maoni yangu, ni Marko 7:9-13. Hapo Yesu anawakemea watu waliowaambia baba na mama zao kwamba msaada ambao wangeupata kwao umekuwa Korbani, yaani umewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo wazazi wasiutazamie tena. Kumwekea Mungu kitu wakfu lilikuwa jambo halali katika sheria. Ubaya ulikuwa kulitumia jina la Mungu kumnyima mzazi haki yake, na Yesu anasema waziwazi kwamba kwa kufanya hivyo walilitangua neno la Mungu lenyewe. Basi mtu anayemwacha mama yake mgonjwa akiwa amelala juu ya shuka lililolowa, ili yeye awahi zamu yake katika kwaya, anampa Mungu nini ambacho Mungu amekiomba? Mtume Paulo, katika Warumi 12:1, anatusihi tuitoe miili yetu iwe dhabihu iliyo hai, naye anaiita hiyo ibada yenye maana. Mgongo unaouma kwa kuinama na usingizi unaokatwa usiku kucha ni sehemu ya mwili huo.

Nayasema haya kwa kuwa nilimuuguza mama yangu baada ya kiharusi kumpooza upande mmoja. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo ngozi ya visigino, ya nyonga na ya mwisho wa mgongo hubadilika rangi, na baadaye hufunguka ikawa kidonda ambacho kupona kwake ni kwa shida sana. Humvuti kwa mkono wake uliolegea, kwa sababu bega linaweza kuteguka. Unamvuta kwa shuka lililokunjwa chini yake, unaweka mto katikati ya magoti, unaviinua visigino visiguse godoro, kisha unaikausha mikunjo ya ngozi kwa kuigusagusa bila kuisugua. Nilizoea kusali Baba Yetu kwa sauti na polepole kila nilipomgeuza, na mama aliitikia "Amina" hata siku ambazo ulimi ulimshinda kulitaja jina langu. Sijawahi kuamini kwamba sala ile ilikuwa ya daraja la chini kwa sababu haikusaliwa ndani ya kanisa.

Wakristo wa zamani walilifahamu jambo hili vizuri. Benedikto wa Nursia, aliyewaandikia watawa kanuni ya maisha katika karne ya 6, aliagiza katika sura ya 43 kwamba kitu chochote kisitangulizwe mbele ya sala ya pamoja, na katika sura ya 36 ya kanuni hiyohiyo aliagiza kwamba wagonjwa watunzwe kabla na juu ya mambo yote, wahudumiwe kana kwamba ni Kristo mwenyewe. Ukizisoma sura hizo mbili bila utulivu unaweza kudhani kwamba zinapingana. Mimi naona kwamba kwa Benedikto ibada ilikuwa moja, na ndiyo maana katika sura ya 50 anawaelekeza ndugu wanaofanya kazi mbali, wasioweza kuwahi kanisani, wapige magoti na kusali palepale walipo saa ya sala inapofika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2181, nayo inakubali kwamba sababu nzito humwondolea muumini wajibu wa Jumapili, ikitoa mfano wa ugonjwa na malezi ya watoto wachanga.

Lakini siungani na wale wanaosema kwamba kazi yao ndiyo sala yao, na hivyo hawahitaji tena kusali wala kukaa pamoja na waumini wengine. Martha, katika Luka 10, hakukemewa kwa sababu alikuwa akihudumu. Bwana alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi. Anayeuguza anaujua mfadhaiko huo. Saa nane za usiku, mgonjwa anapoita kwa mara nyingine mara tu baada ya kubadilishiwa shuka, uchungu hupanda, na asiyelisikia Neno wala kuishiriki meza ya Bwana kwa miezi mingi huanza kumhudumia mgonjwa kwa ukali, na baadaye kwa ukimya ulio mbaya kuliko ukali. Upendo wake haujafa, umekosa chakula, na chakula hicho hawezi kukifuata mwenyewe kwa sababu amefungwa na kitanda.

Hapo ndipo deni la kanisa linapoonekana. Yustino Mfiadini, aliyeandika mjini Roma katikati ya karne ya 2 kumweleza Kaisari Antonino Pio jinsi Wakristo wanavyoabudu, anasimulia mkusanyiko wa Jumapili: masomo, mahubiri, sala, kisha mkate na divai. Baada ya kusema kwamba waliokuwapo wamegawiwa, anaongeza kwamba mashemasi huwapelekea wale ambao hawakuwapo. Katika maelezo hayohayo anasema kwamba sadaka iliyokusanywa hutumika kuwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kwa waumini wale, asiyekuwapo alikuwa na fungu lake, na lilimfikia kwa miguu ya wenzake. Yakobo 5:14 inaagiza vivyo hivyo: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao ndio wanaokwenda kwake.

Wakati wa ugonjwa wa mama tulitembelewa na wajumbe wengi wa kanisa. Waliimba, waliomba, walituachia salamu za washarika wote, na ninawashukuru. Ila ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja ambaye, alipomaliza kuomba, aliuliza mashuka safi yanawekwa wapi, akakunja mikono ya gauni lake, akaniambia niende nikalale mpaka atakaponiamsha. Alirudi mara nyingi, na nyakati nyingine alikuja Jumapili asubuhi ili mimi niende kanisani. Nilikwenda, nikaimba na wenzangu, nikashiriki, nikarudi nikiwa na subira ambayo mama yangu aliiona siku ileile.

Kwa hiyo ningependa kila kanisa liwe na zamu inayojulikana, kama zilivyo zamu za wasomaji na za wakusanya sadaka. Mtu mmoja akae na mgonjwa ili anayeuguza aende kuabudu. Na pale ambapo mgonjwa hawezi kuachwa na asiyemzoea, Neno na meza ya Bwana vipelekwe nyumbani bila kusubiri mtu aombe. Wanaopangwa wafundishwe kwanza na muuguzi jinsi ya kumgeuza mgonjwa na kuikagua ngozi yake, maana nia njema isiyo na ujuzi inaweza kumtegua mtu bega. Wanaume nao waingie katika zamu hiyo kikamilifu, kwa sababu wako wazee wengi wanaoona haya kuogeshwa na binti zao, na wanavumilia uchafu kimya kwa kukosa mwanamume mwenzao wa kuwasaidia.