Barabara tupu haipo: majibu kwa madereva wa vijijini

Huku kwetu Babati vijijini barabara ni ya vumbi na magari ni ya kuhesabu. Kupokea simu nikiendesha kuna ubaya gani?

Swali hili linarudi kila mara, na kila anayeuliza ameshajipa jibu. Magari ni machache, sawa, lakini watu je? Kuna wanafunzi, kuna ng'ombe na wachungaji, kuna mama mwenye ndoo kichwani ambaye hawezi kuruka pembeni ghafla. Msimu huu mahindi yamefika hadi ukingoni mwa njia. Mtoto akitokea humo unamwona akiwa tayari barabarani. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, gari linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kuangalia nani anapiga ni mita 50 umeendesha kipofu. Tena changarawe haishiki tairi kama lami: ukikanyaga breki kwa kushtuka, gari linaserereka. Simama pembeni, upokee.

Na wewe tajiri mwenye gari unayempigia dereva kila baada ya muda kuuliza amefika wapi, akiua mtu na wewe umo.

Nikiweka hedifoni si mikono inabaki huru?

Mikono ndiyo, akili hapana. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu ana hatari ya ajali takribani mara nne zaidi, na kutoishika mkononi hakumpunguzii sana.

Dereva wa Coaster yetu huchati njia nzima. Abiria tufanye nini?

Semeni, na msiachie mmoja aseme peke yake, maana ataitwa mwoga. Akikaidi, chukueni namba ya gari mkaripoti kwa trafiki au LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kinachonikera ni kwamba abiria haohao ndio huwa wanapiga kelele "ongeza moto!" kila wakichelewa gulioni.

Lori la mbele likiniwashia indiketa ya kushoto, niovateki?

Usiovateki mpaka uone njia kwa macho yako. Huenda anataka kuegesha tu. Hata kama anakupisha kwa nia njema, hajui gari lako lina nguvu kiasi gani, na kwenye kona za mlima Kitonga kule Iringa hakuna pa kukimbilia.

Bodaboda ya kwenda gulioni tu, kofia ngumu ya nini?

Ya kichwa chako. Vaa, funga na kamba ya kidevuni.

Gari likiharibika usiku, matawi ya miti yanatosha?

Nunua pembetatu ya tahadhari, ile inayorudisha mwanga. Tawi halirudishi mwanga, na anayekuja kasi analiona akiwa ameshafika. Kama huna kabisa, yapange matawi kuanzia mbali, hatua 100 hivi nyuma ya gari. Kama kuna kona, yaanze kabla ya kona. Washa hazadi, shusha abiria wote wakae mbali na barabara, wasijibanze nyuma ya gari.

Hili hukuuliza, lakini linaua: watu wanatengeneza gari, wanaondoka, matawi na mawe wanayaacha pale pale. Jiwe la kuzuia tairi la lori likibaki katikati ya njia, bodaboda mwenye taa hafifu halioni mpaka amelivaa. Yaviringisheni yote nje ya barabara, halafu ndipo muwashe gari.