Jibu: Viatu vya kutembelea kwenye barafu? Soksi na skurubu

Mkuu, umeuliza umnunulie mdogo wako buti gani pale Kariakoo kabla hajapanda ndege ya kuja huku Minneapolis, Marekani, mwezi wa kwanza. Usinunue. Hiyo hela mpe mkononi. Buti zito litampa joto, lakini joto na kutoteleza ni vitu viwili. Soli ngumu ikipigwa na baridi ya huku inakakamaa, unakuwa kama umevaa sahani.

Huu ni mwaka wangu wa sita hapa, na naingia kazini saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Theluji mpya haina neno. Inayotuangusha ni ile iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku: utando mwembamba, wewe unaona lami imelowa tu. Chumvi wanamwaga, ila baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri haina nguvu tena.

Msimu wa kwanza sikuwa na hela, nikavaa soksi. Juu ya kiatu, ndiyo. Cheka tu, lakini watafiti wa Dunedin, mji wa milima huko New Zealand, waliwajaribu watu 30 kwenye mteremko wenye barafu, na waliovalia soksi nje waliona utelezi umepungua. Mwaka 2010 wakapewa Ig Nobel, tuzo ya tafiti za kuchekesha. Mimi nilitumia za sufu, za mtumba. Zinatoboka upesi, ila kufika kituo cha basi zinatosha.

Sasa hivi natumia njumu za kujitengenezea. Chukua raba kuukuu yenye soli nene, na skurubu fupi za bati, zile zenye kichwa cha pembe sita, urefu kama milimita 10. Mimi nafunga kwa drili, sita mbele na nne kisiginoni, zote pembezoni ambako mpira ni mnene. Kichwa kinabaki nje, maana zile pembe ndizo zinazong'ata barafu. Ukimaliza ingiza mkono ndani upapase. Mimi sikupapasa, nikaja kushtuliwa na ncha kidoleni nikiwa nusu ya safari.

Kosa jingine: niliingia nazo kazini, nyumba ya kulea wazee, sakafu yote marumaru. Chuma juu ya marumaru ni sabuni tupu. Nilitoka barabarani salama, nikaanguka mapokezi. Bibi mmoja akanisogezea mkongojo wake.

Asiyetaka mambo ya drili, yapo madukani mapira yenye meno ya chuma, unavalisha juu ya kiatu. Achukue yanayoshika hadi kisigino. Yanayokaa mbele tu yalikuwa yananivuka kila mara. Nayo ni ya kuvua mlangoni vilevile, kwa hiyo mkobani hazikosi raba nyepesi za ndani. Hizo ndizo umtafutie Kariakoo.