Kwa nini chama cha CCF waliongoza kura jimbo la British Columbia, Canada, 1952 halafu wakakosa serikali

Mkuu, ni ule mfumo wa kura. Vyama vya Liberals na Conservatives walikuwa wametawala kwa muungano, wakaogopa wasoshalisti wa CCF watachukua jimbo, basi wakaleta sheria mpiga kura apange wagombea 1, 2, 3 wakijua watu wao watapeana namba mbili. Kumbe wananchi walishawachoka wote wawili! Kura za kwanza CCF waliongoza kweli, ila chaguo la pili la wengi likaangukia chama kingine, Social Credit, wakapata viti 19 kwa 18 vya CCF kati ya 48. Inaniuma sana hiyo. Na W.A.C. Bennett, Social Credit walimchagua kiongozi wao baada ya uchaguzi, akatawala mpaka 1972! Premia (mkuu wa serikali ya jimbo) aliyekuwepo, Johnson wa Liberals, hata kiti chake alipoteza.