Gereji au VETA?

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko gereji hapo Ngamiani, spana umeshaizoea, mzee anataka uende VETA Tanga, chuo cha ufundi stadi, na wewe unaona utapoteza muda. Nenda. Dizeli ya zamani utaijua kwa kuisikiliza tu, ila gari za sasa zimejaa sensa, yaani vihisi vya umeme. Usipojua kusoma mchoro wa umeme utabadilisha vifaa kwa kubahatisha, tena kwa hela ya mteja. Ada ikibana, ulizia urasimishaji ujuzi: VETA wanapima unachokijua tayari, huanzi upya. Likizo rudi kwa fundi wako, asije akakusahau. Fomu ulizia chuoni mwenyewe, dalali usimpe hata mia. Na betri kubwa ya gari la haibridi, lile la mafuta na umeme, usiiguse kabla hujafundishwa, umeme wake unaua.